"Usiogope" mara 365? Hesabu haifiki

Ujumbe huu hauchoki. Kwenye magrupu ya kwaya na jumuiya hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, unarudi kila baada ya muda: eti neno "usiogope" limeandikwa mara 365 katika Biblia, moja kwa kila siku ya mwaka. Kisha unaambiwa uwatumie watu kumi.

Si kweli, na kuhakiki ni rahisi. Fungua Biblia ya kwenye simu, tafuta "usiogope", halafu "msiogope", ujumlishe. Ongeza hata "usifadhaike" ukipenda. Bado utabaki mbali na 365. Idadi hutofautiana kidogo kati ya tafsiri na tafsiri, lakini hakuna inayofika huko. Isitoshe, mwaka wa kawaida wa Waebrania ulifuata mwezi, siku zipatazo 354. (Na mwaka mrefu, wa siku 366, tungekosa neno la siku moja?)

Watu huchanganyikiwa kwa sababu neno lenyewe lipo kweli, tena mahali pazito: kwa Abramu, Mwanzo 15:1, kwa Mariamu, Luka 1:30. Mvuvi wa dagaa aliyewahi kupigwa na upepo usiku ziwani hahitaji kufafanuliwa Mathayo 14. Chombo kinasukwasukwa, upepo wa mbisho, na Yesu anawaambia wanafunzi wake "msiogope" mara moja tu. Ilitosha.

Ukiupokea tena, usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa upole, faraghani, si mbele ya grupu zima, na umpe Isaya 41:10 aisome.