Mashine Ikikunyima, Nani Akujibu?

Muuza omena wa soko la Kibuye, hapa Kisumu, anaomba mkopo kwa simu alfajiri ili awahi mzigo ufuoni Dunga. Kabla hajamaliza kujifunga leso, jibu limerudi: ombi limekataliwa. Sababu haikutajwa, wala hakuna afisa wa kumuuliza. Programu imepitia miamala yake na madeni ya zamani, ikamaliza kazi.

Nikiulizwa mwongozo wa kitaifa wa maadili ya akili unde (AI), yaani mashine zinazoamua kama programu hiyo, uanzie wapi, humtaja mama huyu.

Tusidhani tunaanza patupu. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa kila mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Ina mianya: mkataba, sheria nyingine au ridhaa yako inaweza kuruhusu, na ridhaa ndiyo ile tunayobonyeza bila kusoma. Lakini uamuzi wa namna hiyo ukishafanywa, sheria inataka ujulishwe kwa maandishi, nawe unaweza kudai utazamwe upya, safari hii na binadamu.

Ni wangapi sokoni wanaolijua hili? Hapo ndipo penye uchungu wangu.

Kenya ilizindua mkakati wake wa akili unde Machi 2025, wa kufikia 2030, na tangu Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zina mapendekezo ya pamoja kuhusu maadili haya. Ni hatua njema. Ila mkakati si sheria. Haumlazimishi mkopeshaji kueleza chochote. Mwongozo tunaoutaka useme wazi nani hukagua programu kabla haijatumiwa kwa watu, na nani hulipa ikikosea. Tena maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa aliyeathirika. Kwetu huku hiyo ni Kiswahili, Dholuo, Kiluhya, Ekegusii. Sababu iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, kwa mama yule, ni sawa na kutopewa sababu.

Kwa sasa, usifute ujumbe wa kukataliwa. Mwandikie mkopeshaji, udai sababu na uamuzi mpya wa binadamu, utunze nakala. Akinyamaza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, msimamizi wa sheria hiyo ya 2019, ambaye kisheria anapaswa kuyachunguza na kuyamaliza ndani ya siku 90.