Usimkataze mfiwa kulia

Mtu akifiwa, neno analolisikia mapema kuliko yote ni "usilie". Husemwa kwa mapenzi, tena mara nyingi msemaji mwenyewe macho yamemjaa. Lakini kwa miaka niliyokaa na wafiwa katika kitengo chetu cha ushauri nasaha, nimeona neno hilo linavyoumiza. Baba mmoja alinieleza jinsi alivyoshuka kaburini, akampokea mwanawe kwa mikono yake, akamlaza ubavu na kutoka bila kudondosha chozi, kwa kuwa aliambiwa mwanamume Mwislamu husubiri. Miezi ikapita. Siku moja akafagia chini ya kitanda, kikatoka kiatu kimoja cha mtoto. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Alikuja kuniuliza kama imani yake imeharibika.

Nilimsimulia habari za Ibrahim, mwana ambaye Mtume Muhammad (S.A.W.) alimzaa na Maria Mkibti. Mtoto huyu alikuwa akinyonyeshwa na kulelewa nyumbani kwa mhunzi aitwaye Abu Sayf. Anas bin Malik, aliyefuatana na Mtume siku moja kwenda huko, anasema walikuta mhunzi anavukuta moto na nyumba imejaa moshi. Anas akaharakisha mbele kumwambia aache, Mtume anakuja. Mtume akaomba aletewe mwanawe, akamkumbatia. Mtoto alikuwa anakata roho. Macho ya Mtume yakabubujika machozi.

Sahaba wake Abdurrahman bin Awf akashangaa: "Hata wewe, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu?" Akamjibu: "Ewe Ibn Awf, hii ni rehema." Kisha akalia tena, akasema: "Jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Nasi kwa kutengana nawe, ewe Ibrahim, tuna huzuni."

Tazama jinsi maneno hayo yalivyopangwa. Jicho limeachiwa machozi yake, moyo umeachiwa huzuni yake, na ulimi ndio uliowekewa mpaka. Tena anamwita mtoto kwa jina na kumwambia kwamba anaumia. Hayo yalitokea mwaka wa 10 Hijria, na siku hiyo jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Mtume, baba aliyefiwa, angeweza kunyamaza na kuacha heshima hiyo imwendee mwanawe. Hakunyamaza: aliwaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote. Kila nikiisoma habari hii hunigusa upya, kwa kuwa alikuwa na uchungu wote ule na bado hakuruhusu neno lisilo la kweli.

Kilichokatazwa ni kingine, nacho huitwa niyaha. Mtume amesema si katika sisi anayejipiga mashavu, anayepasua nguo, na anayepiga mayowe ya zama za ujahili, yaani za kabla ya Uislamu. Zama hizo kilio kilikuwa maonyesho: kupiga ukelele, kumsifu maiti kwa sifa za kuvuka mpaka, kulaumu majaaliwa. Na siku alipomzuru Saad bin Ubada akiwa mgonjwa, alilia, na waliokuwapo wakalia. Akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu haadhibu kwa chozi la jicho wala huzuni ya moyo, ila huadhibu, au hurehemu, kwa hiki. Akaashiria ulimi wake.

Najua ipo hadithi inayotumiwa sana kuwanyamazisha wafiwa, kwamba maiti huadhibiwa kwa kilio cha jamaa zake. Ni hadithi iliyothibiti kutoka kwa Ibn Umar. Bibi Aisha alipoisikia aliona msimulizi amekosea kuielewa, akakumbusha Aya isemayo kuwa mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Wanazuoni wengi wamezipatanisha kauli hizo hivi: hadithi inamhusu aliyeusia aombolezewe kwa niyaha, au aliyejua watu wake watafanya hivyo asiwakataze. Haimhusu mjane anayefuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Na subira je? Mtume alimpitia mwanamke aliyekuwa akilia kaburini, akamwambia amche Mwenyezi Mungu na asubiri. Mwanamke, asimjue ni nani, akamjibu: "Niondokee, hukupatwa na msiba wangu." Mtume hakumkemea wala hakujitambulisha, alikwenda zake. Baadaye mama yule alipojua na kumfuata kuomba radhi, ndipo akamwambia subira ni pale pigo la kwanza linapopiga. Mkuja kutoa pole naye ana la kujifunza hapo. Dakika zile si za mawaidha marefu. Ujumbe ambao Mtume alimpelekea binti yake, mtoto wa binti huyo akiwa mahututi, ulikuwa mfupi: alichokichukua Mwenyezi Mungu ni chake, na alichokitoa ni chake, na kila kitu kwake kina muda maalumu, basi asubiri na atarajie malipo. Na habari za kuuawa Jaafar bin Abi Talib vitani huko Muuta zilipofika, Mtume aliagiza familia ya Jaafar ipikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Kumbe wanaopikiwa ni wafiwa. Siku hizi mara nyingi wao ndio wanaolisha umati, na hilo linanisikitisha.

Kuhusu muda, watu huchanganya. Siku tatu ni mpaka wa mwanamke kuacha mapambo kwa ajili ya jamaa aliyefariki. Ummu Habiba, mke wa Mtume, alipofiwa na baba yake, Abu Sufyan, aliagiza manukato siku ya tatu akajipaka, akasema hana haja nayo ila anafuata amri. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi (Al-Baqara, Aya ya 234), na mjamzito mpaka ajifungue. Huacha manukato, wanja, hina, vito na nguo za kujipamba. Nguo nyeusi hakulazimishwa, na kwenda hospitali hakukatazwa. Hayo yote ni ya mwili na nguo. Moyo haukupewa tarehe ya kumaliza. Nabii Yaaqub macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya Yusuf, naye ndiye aliyesema "subira njema". Alimshitakia Mola wake majonzi yake.

Mfiwa asiyelala, asiyekula, au anayesema anataka kumfuata marehemu, apelekwe kwa mtaalamu wa afya mapema. Dua na tiba havigombani.

Huzuni ya Mtume mwenyewe nayo haikupewa tarehe. Mkewe, Bibi Khadija, alifariki takriban mwaka 619. Baada ya vita vya Badr, mwaka 624, watu wa Makka walituma fidia za kuwakomboa mateka wao. Zaynab, binti wa Mtume, alituma mali ya kumkomboa mumewe, na ndani yake mkufu aliopewa na mama yake, Khadija, siku ya harusi. Mtume alipouona mkufu ule moyo ulimlainika mno. Akawaomba masahaba: mkiona vyema, mfungulieni mateka wake, na mumrudishie kilicho chake. Wakakubali.