Kulea wazazi waliozeeka: yanayosemwa na hali ilivyo

Kuna maneno yanazunguka karibu kila familia yenye mzee, na mengi yanasemwa na watu ambao hawajawahi kumgeuza mtu kitandani saa nane za usiku. Ngoja tuyapitie, na nasema mapema kabisa hayana uzito sawa kwa hiyo mengine nitayapita juu juu.

"Yule ana watoto sita, hawezi kupata shida." Hili ndo linaongoza. Wingi wa watoto sio wingi wa mikono. Unakuta watoto sita lakini anayelea ni mmoja, na wala hakuna kikao kilichokaa kumchagua, ilitokea tu: ndo anayeishi karibu, au hana ndoa, au kazi yake eti haina mambo mengi, au ni binti. Hasa binti. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwa wagonjwa wa dimensia, yani ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili, wanawake ndio wanatoa asilimia 70 ya masaa ya matunzo, sasa hapo kaka zetu wajitetee wenyewe. Na kadiri huyo mmoja anavyoizoea kazi ndivyo wenzake wanavyozidi kujitoa, wanamwambia "we ndo unamjua vizuri mama", inasikika kama sifa kumbe mtu anakwepa zamu. Angalia tu grupu la familia: asubuhi mtu anaandika "mama kaamkaje", anajibiwa, zinamwagika emoji za mikono ya kuomba, basi, mpaka kesho. Hakuna aliyemuuliza anayejibu kama yeye alilala.

"Mi natuma hela kila mwezi, yangu nimemaliza." Hela inasaidia tena sana, asiyewahi kununua pampasi za watu wazima asiibeze. Ila kuna gharama ambayo haionekani kwenye muamala wowote: anayelea kapunguza masaa ya kazi, au kafunga biashara, au kaacha masomo, hiyo nayo ni hela katoa. Na umbali sio kisingizio cha moja kwa moja, aliye mbali anaweza kushika ratiba ya kliniki, kufuatilia dawa zinaisha lini, kuongea na daktari kwa simu, na likizo yake akaja akakaa yeye na mzee ili mwenzake akapumue. Kupumua huko sio anasa jamani, mtu anayelea bila kupumzika anaugua, halafu mnakuwa na wagonjwa wawili.

"Hiyo ni hisani tu, hakuna anayeweza kunilazimisha." Inategemea uko wapi. Singapore wana sheria ya matunzo ya wazazi tangu 1995, mzazi aliyeachwa anamshtaki mwanae, India wakatunga ya kwao 2007, na Katiba ya Kenya ya 2010 kwenye ibara ya 57 inasema mzee ana haki ya kupata matunzo ya kuridhisha kutoka kwa familia na dola. Soma tena hapo mwisho, familia NA dola, kwa hiyo na wale wanaosema serikali haihusiki kabisa nao wamepotea.

Sasa tuje kwenye hili ambalo mi naliogopa kuliko yote: "uzee ndo ulivyo." Linachelewesha watu hospitali. Kweli mwili unachoka, magoti yanauma, jina la mtu linapotea mdomoni, sawa. Lakini dimensia ni ugonjwa, sio hatua ya kawaida ya kuzeeka, mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo na aina yake moja inayoitwa Alzheimer peke yake ni kama asilimia 60 mpaka 70 ya wagonjwa hao. Na sio kila kuchanganyikiwa ni dimensia. Mzee ambaye juzi alikuwa anapiga stori vizuri, leo hajui yuko wapi, anaona watu ukutani, au kalala tu mchana kutwa ukimwita anaitika kwa mbali, hiyo ni dharura. Mara nyingi kuna kitu nyuma yake, maambukizi ya mkojo au ya kifua, maji yamepungua mwilini, au dawa mpya aliyoanzishwa haijapatana na nyingine tano anazomeza. Watu wanasema "kazeeka ghafla", hakuna mtu anayezeeka kati ya Jumanne na Alhamisi, mpeleke. Na maji usisubiri ayaombe maana kiu yenyewe inapungua na umri. Halafu masikio, yani kuna wazee wanaambiwa wamechanganyikiwa kumbe hawasikii tu, anajibu swali ambalo hukumuuliza. Huzuni ya muda mrefu nayo inatibika, kujikojolea nako mara nyingi kuna kinachoweza kufanyika, sema aibu inafanya watu wasiseme.

"Mwache apumzike, kashafanya kazi sana." Nia nzuri, matokeo mabaya. Misuli ya mzee isipotumika inaisha haraka, siku chache tu za kulala zinatosha mtu aliyekuwa anatembea kuanza kushikiliwa, na akianguka ndo balaa. Kama anaweza kukunja nguo zake mwache akunje hata kama inachukua nusu saa.

Yule ambaye kweli hawezi kuinuka ndo mwenye kazi ya kujifunza, na hapa ndo uongo wa "ukiwa na upendo unatosha" unapoanguka. Mapenzi hayakufundishi kwamba anatakiwa kugeuzwa kila baada ya masaa mawili hivi asipate vidonda vya kulala, kwamba kisigino kinaanza kuoza kabla hujashtuka, kwamba ukitaka kumsogeza humburuzi kwenye shuka unamwinua kidogo maana ule msuguano unachuna ngozi. Wanakwambia angalia wekundu, sasa kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, we gusa: pana joto kuliko pembeni, pagumu, au pameingia weusi zaidi? Hapo kidonda kinakuja. Muombe nesi akuonyeshe kwa vitendo kabla hamjaruhusiwa kutoka wodini.

Kuhusu kuajiri msaidizi kwamba ni kumtelekeza mzazi, hapana. Kutelekeza ni kumwajiri halafu usirudi kuangalia.

Na "wanaonyanyasa wazee ni watu baki", ingekuwa hivyo ingekuwa rahisi. WHO inakadiria mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na kuendelea alifanyiwa unyanyasaji wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja, na mara nyingi aliyefanya ni wa humo humo ndani. Sio kupiga tu, ni kumfokea, kumfungia, kuchukua pensheni yake.

La mwisho, "mzee ni kama mtoto." Sio mtoto. Anaamua nani amwogeshe, na kwa daktari aulizwe yeye kwanza sio nyie mliosimama nyuma ya kiti. Akiwa bado na akili zake muulizeni anataka alelewe wapi na nani asimamie hela zake, aandike na asaini, maana dimensia ikishakolea saini yake inaweza isikubalike popote na hapo ndo ndugu wanaanza kutafutana.