Kwa nini kuongeza vituo vya Wi-Fi ukumbini huweza kupunguza kasi?

Ukumbi unaingiza watu 1,000. Darini kuna vituo 10 vya Wi-Fi, vile visahani vyeupe vyenye kitaa kimoja, na kila mkutano ukifika katikati mtandao unakwama. Uongozi unanunua vituo vingine 10, tena vya bei ya juu zaidi. Mkutano unaofuata, mtandao unakwama mapema kuliko ulivyozoea. Je, wajua kwamba jambo hili hutokea hata pale ambapo hakuna kifaa kibovu hata kimoja?

Kwa muda mrefu mimi mwenyewe ningelijibu vibaya. Nilikuwa naichukulia Wi-Fi kama taa: pakiwa na giza, ongeza taa, na ikibidi weka yenye mwanga mkali zaidi. Mwanga juu ya mwanga haudhuru kitu. Picha hiyo inaingia akilini kwa urahisi kwa sababu hata simu zetu zinaifundisha. Vijiti vya mtandao vikijaa tunaridhika, vikipungua tunainua simu juu kama tunatafuta mwanga. Wauzaji nao hueleza ukubwa wa eneo ambalo kifaa chao kinafikia, na mnunuzi hupiga hesabu ya eneo la jengo, akagawanya, akaagiza.

Lakini vijiti vile vinaonyesha jambo moja tu: sauti ya kituo inaifikia simu ikiwa na nguvu kiasi gani. Havionyeshi kama sauti ya simu nayo inakifikia kituo, wala havionyeshi foleni ya wanaosubiri kutuma. Kituo cha darini kinaweza kupaza sauti kuliko simu, maana simu ina antena ndogo na betri ya kutunza. Ukikiongezea nguvu, simu iliyo mbali inakisikia vizuri na kuonyesha vijiti vyote, ila jibu lake dogo halifiki. Mwenye simu anaona mtandao umejaa na ukurasa haufunguki.

Wi-Fi ni kama sauti, si kama taa. Ifikirie kama kikao kisicho na mwenyekiti. Wote wamo chumba kimoja na kanuni ni moja: kabla ya kusema, sikiliza. Ukisikia mtu anaongea, nyamaza. Akimaliza usidakie papo hapo, kwa sababu na wengine walikuwa wanamsubiri; kila mmoja achague namba kichwani kwa kubahatisha, ahesabu kimyakimya kurudi nyuma, na atakayefika sifuri kwanza ndiye aseme. Akimaliza, aliyeambiwa anajibu kwa neno moja, "nimesikia". Lisiposikika, maneno yote yanarudiwa, na safari hii namba inachaguliwa kutoka fungu kubwa zaidi. Katika Wi-Fi kila hatua ya hesabu hiyo huchukua mikrosekunde 9 tu kwenye masafa ya gigahezi 5, ndiyo maana hatuioni. Watu wakiwa 5, kikao kinakwenda vizuri ajabu. Wakiwa 300, muda mwingi unaishia kwenye kuhesabu, kugongana na kurudia.

Sasa leta kituo cha pili kwenye chaneli ileile, yaani kipande kilekile cha masafa. Hakijaleta chumba kipya. Kimeingia chumba kilekile na kuketi kwenye foleni ileile, na kila kinachosema kinawanyamazisha wote wanaokisikia, hata wasio wateja wake. Fahali wawili hawakai zizi moja. Vituo viwili hukaa chaneli moja, lakini kwa zamu, na kasi ya mmoja ndiyo wanayogawana. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 3 tu kwa kawaida: 1, 6 na 11. Vituo 10 vya mwanzo tayari vilikuwa vinabanana vitatu au vinne kwa chaneli. Vikifika 20, ni karibu saba kwa kila chaneli.

Tena kituo huongea hata pale ambapo hakuna mtu anayekitumia. Takriban mara 10 kwa sekunde hutangaza jina la mtandao wake, ili simu zijue kipo. Kikiwa na majina manne, la wafanyakazi, la wageni, la mitambo na la wasimamizi, kinatangaza mara 40. Matangazo hayo hutumwa kwa kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa, ili kila mtu aelewe, na kwenye gigahezi 2.4 kasi hiyo inaweza kuwa megabiti 1 kwa sekunde. Chukua tangazo la baiti 300: kwa kasi hiyo linakula karibu milisekunde 2.6. Vituo vitano vinavyosikiana, kila kimoja na majina manne, vinatumia karibu nusu ya kila sekunde kujitambulisha tu. Ukubwa wa tangazo hutofautiana, kwa hiyo usiichukue nusu hiyo kama sheria. Lakini pandisha kasi ya chini iwe megabiti 12, na mzigo huohuo unashuka hadi karibu asilimia 4. Hakuna kifaa kilichonunuliwa. Mpangilio mmoja tu umebadilishwa. Sijui jambo jingine katika fani hii linalonifurahisha kiasi hiki.

Kuna pia anayeongea polepole. Pakiti, yaani kifurushi kimoja cha data, ya baiti 1,500 kwa megabiti 54 huchukua milisekunde 0.22 hewani, kwa megabiti 1 huchukua 12. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha kwamba kompyuta moja iliyo mbali, inayotuma polepole, inaweza kuwashusha wote wenye kasi hadi chini ya kiwango chake yeye, kwa sababu kanuni ya kikao inagawa zamu, haigawi muda. Vifaa vingi vya leo vya taasisi vina uwezo wa kugawa muda badala ya zamu. Husaidia zaidi kwa yale ambayo kituo chenyewe kinatuma. Ambayo simu inatuma ni magumu zaidi kuyadhibiti.

Ndiyo sababu namba ya kasi iliyo kwenye boksi haisaidii sana anayenunua vituo mamia. Kifaa kilichoandikwa AX3000 kimejumlisha kasi za redio mbili zilizo ndani yake, megabiti 574 na 2,402 kwa sekunde, na ile ya pili inahitaji chaneli yenye upana wa megahezi 160. Kwenye jengo lenye vituo vingi upana huo kwa kawaida haupatikani. Wataalamu hugawa chaneli za 20 au 40 ili vituo visikanyagane. Simu yenye antena mbili kwenye chaneli ya 20 inafikia megabiti 287 kwa hali bora kabisa, na hizo zinagawanywa na kila aliye kikaoni.

Hata kuvijaribu vituo kabla ya kuvitegemea ni kugumu, kwa sababu ya watu wenyewe. Mwili una maji mengi na hufyonza mawimbi haya, kwa hiyo ukumbi mtupu unadanganya. Mwaka 2012 Boeing, watengenezaji wa ndege, ilieleza kwamba ili kupima Wi-Fi ndani ya ndege ilijaza viti na magunia ya viazi, jumla karibu kilo 9,000, kwa sababu viazi hufyonza mawimbi kwa namna inayokaribiana na binadamu na vinaweza kukaa siku nzima bila kulalamika. Baadhi ya viwanja vya michezo vimegeuza kasoro hiyo kuwa faida: vituo vinawekwa chini ya viti, na miili ya watazamaji inakuwa ukuta unaozuia kituo kimoja kisisikie kingine.

Kwa hiyo, nikikabidhiwa vifaa vya kupima, singeanza na simu moja mpya chini ya kituo kimoja, jaribio ambalo karibu kila kifaa hulifaulu. Ningeleta makumi ya vifaa, vipya na vikuukuu, vyote vikifanya kazi kwa wakati mmoja, kimoja kikiwa kona ya mbali, na vituo jirani vikiwa vimewashwa. Ningepima ucheleweshaji kabla ya kasi ya juu. Ningeangalia pia kama swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, inakipa kituo umeme wa kutosha kupitia kebo ya mtandao, kwa kuwa baadhi ya vituo hupunguza uwezo wao kimyakimya vikipata wati chache.

Vituo vipya 10 vya ukumbi wetu si lazima virudishwe dukani. Kwenye gigahezi 5 chaneli ni nyingi zaidi, ingawa idadi hutegemea nchi na baadhi zinatumiwa pia na rada. Marekani ilifungua gigahezi 6 mwaka 2020, yenye nafasi ya chaneli 59 za megahezi 20, kwa vifaa vinavyoyajua masafa hayo. Mara nyingi fundi hupanda ngazi na kompyuta yake, akazima redio ya 2.4 kwenye vituo vingi, akapunguza nguvu ya vilivyobaki, akafuta majina mawili kati ya manne, akashuka.