Betri ya pili: kilichovunja imani ya wenye Galaxy Note 7

Wiki chache zilizopita mama mmoja muuza vitenge aliniletea simu ambayo kioo chake kilikuwa kimeanza kubanduka upande mmoja. Kioo chenyewe hakikuwa na kasoro. Betri ndiyo iliyokuwa imevimba na kukisukuma kutoka ndani. Fundi wa kwanza aliyemwendea alimshauri aitoboe kwa sindano ili hewa itoke, na ninamshukuru Mungu kwamba hakukubali. Nilipomwambia kwamba betri ile lazima itolewe siku hiyohiyo na kuwekwa nyingine, hakuanza na bei. Aliuliza: "Na hiyo mpya, mwanangu, nitajuaje kwamba nayo haitafanya hivihivi?"

Mimi ni mhandisi wa umeme, na kwa miaka kadhaa kazi yangu hapa Dar es Salaam imekuwa kupima betri za lithiamu, kuanzia za simu hadi za bajaji za umeme. Swali la mama huyu ni lilelile walilokuwa nalo watu wengi duniani mwezi Septemba 2016, pale Samsung ilipowataka warudishe simu zao za Galaxy Note 7 na kupewa nyingine za aina ileile. Kampuni iliwajibu kabla haijalijua jibu, na kwa maoni yangu imani ya wanunuzi ilivunjika hapo, wala si pale simu ya kwanza ilipowaka moto.

Simu hiyo iliingia madukani tarehe 19 Agosti 2016, na baada ya wiki mbili tu, tarehe 2 Septemba, mkuu wa kitengo cha simu cha Samsung, Koh Dong-jin, alitangaza kwamba mauzo yamesimamishwa na kwamba simu milioni 2.5 zitabadilishwa. Taarifa za betri kupata moto zilizokuwa zimethibitishwa hadi wakati huo zilikuwa 35. Nchini Marekani, urejeshaji rasmi kupitia Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ulitangazwa tarehe 15 Septemba, ukihusu simu zipatazo milioni moja, na kufikia siku hiyo tume ilikuwa na taarifa 92 za betri kuchemka kupita kiasi, 26 kati yake zikiwa za watu kuungua.

Ukigawa 92 kwa milioni moja unapata simu moja katika kila elfu kumi na kitu hivi, na wapo wahandisi wenzangu waliosema wakati ule kwamba watu wanatishika bure. Mimi sikubaliani nao. Mwenye simu hana njia ya kujua kama yake ni mojawapo ya zile elfu kumi zilizo salama au ndiyo ile moja, na kitu chenyewe analala nacho karibu na mto, anampa mtoto achezee, anakitia mfukoni akipanda daladala. Hatari ndogo ambayo huwezi kuiona, huwezi kuipima wala kuikwepa ila kwa kuachana na chombo chenyewe, haina budi kuogopwa kuliko hatari kubwa unayoiona ikija. Woga wa watu wale ulikuwa na hesabu yake, nayo ilikuwa sahihi.

Simu za kubadilishia zilipoanza kutolewa zilikuwa na alama ya betri ya kijani juu ya kioo, badala ya nyeupe, ili mwenye simu, na hata mhudumu wa ndege, aweze kutambua kwamba hii ni ile iliyo salama. Wakati huo kampuni iliamini kwamba kasoro iko kwenye betri za mtengenezaji mmoja kati ya wawili, hivyo simu za kubadilishia zikawekewa betri za yule wa pili. Kisha, tarehe 5 Oktoba, simu moja kati ya hizo ilianza kutoa moshi ndani ya ndege ya Southwest Airlines iliyokuwa bado uwanjani Louisville, Kentucky, na abiria wote wakateremshwa. Taarifa nyingine zilifuata, na kabla wiki haijaisha Samsung ikatangaza kwamba haitatengeneza tena simu hiyo kabisa. Tarehe 13 Oktoba urejeshaji wa Marekani ulipanuliwa hadi simu milioni 1.9, na kuanzia tarehe 15 serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku kuipandisha simu hiyo kwenye ndege, iwe imezimwa au inawaka.

Sasa niingie ndani ya betri yenyewe, kwa kuwa bila hivyo jambo hili halieleweki. Betri ya simu ni karatasi mbili nyembamba za chuma, ya shaba upande wa hasi na ya alumini upande wa chanya, zilizopakwa kemikali na kukunjwa pamoja kama mkeka unavyokunjwa, kisha zikatiwa kwenye mfuko laini pamoja na kimiminika kinachoweza kuwaka. Kati ya karatasi hizo mbili upo utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele wa binadamu, na kazi yake moja kubwa ni kuzizuia zisigusane. Usalama wote wa betri, hata ile ya bei ghali kuliko zote, umesimama juu ya utando huo. Ukitoboka au ukibanwa mahali pamoja hadi ukachanika, shoti inapigwa ndani kwa ndani, pale inapopigwa joto linapanda, joto linauyeyusha utando na kuzivunja kemikali, kemikali zinapovunjika zinazalisha joto zaidi pamoja na gesi, na kuanzia hapo kuchomoa chaja hakusaidii kitu, kwa sababu moto unajilisha wenyewe.

Matokeo ya uchunguzi yalitangazwa Seoul tarehe 23 Januari 2017. Wahandisi wapatao 700 walikuwa wamepima simu zaidi ya laki mbili na betri zaidi ya elfu thelathini, na taasisi tatu kutoka nje ya kampuni, UL, Exponent na TÜV Rheinland, zilifanya uchunguzi wao pia. Walijaribu kuchaji kwa kasi na bila kasi, kwa waya na bila waya, simu ikiwa na mfuniko wa nyuma na ikiwa haina, na kasoro ikaendelea kujitokeza kwa kiwango kilekile. Hiyo ilionyesha kwamba tatizo haliko kwenye simu wala programu zake, liko ndani ya betri.

Kilichonisikitisha niliposoma matokeo hayo ni kwamba betri za aina mbili zilikuwa na makosa mawili tofauti kabisa. Katika ile ya kwanza, mfuko haukuacha nafasi ya kutosha kwenye kona ya juu upande wa kulia, hivyo karatasi ya hasi ikapinda na kuubana utando pale konani. Katika ile ya pili, ile ya alama ya kijani, mahali kipande cha chuma cha upande wa chanya kilipochomelewa palibaki ncha kali zilizoweza kupenya mkanda wa kuhami na utando wenyewe hadi kuigusa karatasi ya hasi, na baadhi ya betri hazikuwa na mkanda huo kabisa. Yaani ugonjwa wa kwanza ulikuwa umetambuliwa, lakini dawa iliyotolewa ilikuwa na ugonjwa wake mwenyewe, na hakuna aliyeipima kwa muda wa kutosha kabla ya kuwapa watu.

Hapa nataka kulinganisha na tukio ambalo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanalikaribia zaidi, hata kama hawakumbuki kwamba lilitokea. Betri ya Nokia BL-5C sote tunaifahamu. Ilikuwa kwenye Nokia 1100 na 1110, na hadi leo inatumika kwenye redio ndogo na tochi. Mwezi Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za aina hiyo, zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zinaweza kuchemka kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Idadi hiyo ni mara kumi na tano ya Note 7 zote zilizouzwa, na bado imani ya watu kwa simu zile haikutikisika sana. Ninaona sababu mbili. Kwanza, kosa lilitajwa pamoja na mtengenezaji wake na miezi yake, na jibu hilo halikubadilishwa baadaye. Pili, mwenye simu aliweza kufungua mfuniko kwa kucha, akasoma namba kwenye betri na kujua mwenyewe. Hata bila namba tulikuwa na kipimo chetu cha mtaani: unailaza betri mezani na kuizungusha, ikizunguka kama pia basi imevimba, itupe. Note 7 ilifungwa kwa gundi. Mwenye nayo alilazimika kuamini alama ya kijani.

Kwa Watanzania, mwaka huo wa 2016 ulikuwa na uzito wake wa pekee. Usiku wa tarehe 16 Juni, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia simu feki, na kwa miezi kadhaa kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa ikibonyeza *#06# ili kuona IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na kuituma kwenda 15090. Lilikuwa zoezi la maana, lakini watu wengi walibaki na imani moja ambayo haikuwa kamili, kwamba simu orijino ni simu salama. Miezi mitatu haijapita, simu orijino ya kampuni kubwa, ya bei ya juu kuliko nyingi, ikawa ndiyo inayopigiwa kelele ndani ya ndege. Wateja wakaanza kuniuliza: kama ile inawaka, kuna haja gani ya kukimbia betri ya kopi? Nililazimika kueleza, na bado naeleza, kwamba betri orijino ina mtu nyuma yake anayeweza kuulizwa, kulaumiwa na kulazimishwa kurudisha fedha, ilhali betri ya kopi ikiungua hakuna anayehesabu, hakuna anayetangaza, na inayofuata kwenye boksi lilelile inauzwa kesho yake.

Samsung ilijirudishia wateja wake kwa namna ambayo naiheshimu. Kufikia Januari 2017 zaidi ya asilimia 96 ya simu milioni 3.06 zilizouzwa zilikuwa zimerudishwa. Kwa waliokataa kurudisha, masasisho ya programu yaliizuia simu isipokee chaji. Kosa lilielezwa hadharani kwa michoro, kampuni ikachapisha hatua nane za kupima betri, ikiwa ni pamoja na kuipiga eksirei, kuifungua na kuikagua, na kuichaji na kuitumia mfululizo kwa namna inayofupisha muda wa matumizi ya kawaida. Galaxy S8 ilipotoka mwezi Aprili watu waliinunua. Walichopewa safari hii kilikuwa maelezo ambayo mtu mwingine angeweza kuyahakiki, baada ya miezi minne ya kazi, na nina hakika kwamba miezi hiyo minne ndiyo iliyokosekana mwezi Septemba.

Wasiwasi wangu unabaki kwa mnunuzi wa mkono wa pili. Urejeshaji wa bidhaa unafuata orodha za walionunua dukani, na simu nyingi zinazofika Kariakoo kwenye mabegi ya wasafiri kutoka Dubai au Ulaya hazina jina la mmiliki wa sasa kwenye orodha yoyote. Ukinunua simu ya namna hiyo, chukua dakika tano uandike aina yake na IMEI kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama imewahi kuitwa irudi. Betri ikianza kuvimba, acha kuichaji, usiitoboe wala kuibonyeza ilale, iweke mbali na nguo na godoro, na ipeleke kwa anayejua kuifungua. Na wenye vibanda vya kuchajia, ambako simu thelathini hulala zimebanana kwenye kabati moja la mbao, nawaomba sana waziachanishe.

Mama yule sikumwambia kwamba betri mpya ni salama. Nilimwambia, "Mama, ndani yake siwezi kuona, lakini kuna kitu kimoja naweza kupima." Betri ikichajiwa ikajaa, kisha ikaachwa bila kutumika, volti zake zinatakiwa zisishuke ila kidogo sana, zikishuka haraka, kuna mahali umeme unavuja ndani kwa ndani, na kipimo hiki ni mojawapo ya vile vinane vya Samsung. Alikubali kuniachia siku tatu. Siku ya kwanza niliandika volti 4.18, siku ya tatu nikaandika 4.17, nikampa karatasi yenye namba hizo mbili na tarehe zake. Aliisoma, akaikunja akaitia kwenye mkoba, akasema usiku atakuwa anaichaji sebuleni, kwenye sakafu ya saruji, mbali na chumba cha watoto. Nikamwambia hata mimi yangu naichaji hivyohivyo.