Si kila "think" ni kufikiri

Jumatatu nililetewa faili la kurasa 14 nilipitie kabla halijakwenda kwa mteja. Ni mazungumzo ya daktari mmoja wa Uingereza na wagonjwa wake, yaliyotafsiriwa ili yatiwe sauti za Kiswahili kwenye video ya mafunzo ya wauguzi. Nilipofika ukurasa wa tatu nikaanza kuhesabu. "Ninafikiri" imo mara 31. Daktari anafikiri, mgonjwa anafikiri, mke wa mgonjwa anafikiri. Chumba kizima watu wameshika tama, hakuna anayesema kitu.

Nikampigia simu kijana aliyeifanya kazi. Ni hodari, Kiingereza anakijua, na hajawahi kunicheleweshea kazi hata siku moja. "Lakini dada," akaniambia kwa upole, "si 'think' ni kufikiri? Hata kamusi imeandika hivyo." Sentensi hiyo nimeisikia kwa wanafunzi, kwa walimu wao, kwa wahariri, na kwa mteja mmoja aliyetaka kunikata malipo eti nimeliruka neno "think" mara nne. Kwenye simu sikuweza kuyamaliza. Nayamalizia hapa.

"Think" ni vitenzi viwili vilivyovaa joho moja. Cha kwanza ni kazi ya kichwa: mtu ametulia, anachambua jambo, anapima hili na lile. Cha pili hakina kazi yoyote ya kichwa ndani yake. Ni namna ya msemaji kuliweka jambo mbele yako bila kulipigilia misumari. Anayesema "I think the shop is closed" hajaketi kulitafakari duka. Anakwambia duka limefungwa, ila ukilikuta wazi usimlaumu.

Na hili si la kubuni. Kiingereza cha kale, kile cha kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na vitenzi viwili kweli. "Þencan" (hiyo þ ni herufi ya zamani ya sauti ya "th") kilikuwa ni kufikiri. "Þyncan" kilikuwa ni kuonekana, jambo kumjia mtu kwamba liko hivi, na mwenyewe hakuwa mtenda wa lolote: aliyekitumia alisema kitu cha mfano wa "yaonekana kwangu". Katika wakati uliopita kimoja kilikuwa "þohte" na kingine "þuhte", tofauti ikiwa vokali moja tu. Matamshi yakasogeleana, kimoja kikammeza mwenzake, na leo vyote viwili ni "think" na "thought". Kilichosalia cha yule aliyemezwa ni "methinks", ambacho waliosoma Shakespeare wanakikumbuka, na maana yake si "mimi nafikiri", ni "yaonekana kwangu". Wajerumani bado wanavyo vyote viwili, "denken" na "dünken", ingawa hicho cha pili siku hizi ni cha kizee.

Sasa tazama Kiswahili kinasemaje pale penye "þyncan". Kinasema kuona. Naona mvua inakuja. Naona tungoje kidogo. Mwaonaje wenzangu? Wazee na waandishi wa barua rasmi wanayo hata kuonelea: "Kamati imeonelea kwamba..." Na zao la kitenzi hicho ni maoni, neno lililobandikwa kwenye kila sanduku la mbao katika kila ofisi ya umma. Mswahili akiwa na msimamo juu ya jambo, ameliona. Hakulifikiri. Neno limetundikwa ukutani mbele yetu, bado mtu anakuja na "Ninafikiri kwamba" kana kwamba lugha yake haina pa kuanzia.

Hasara yake niliiona kwa macho. Miaka kadhaa nyuma nilifuatana na wadodosaji kwenye kijiji kimoja nje ya Tanga, kazi ikiwa kukagua kama dodoso lililotafsiriwa linaeleweka. Swali la Kiingereza lilikuwa "What do you think of the new well?" Kwenye karatasi likasomeka: "Unafikiria nini kuhusu kisima kipya?" Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka anapepeta mchele. Akasimamisha ungo. "Nikifikirie cha nini, mwanangu? Kisima kipo. Nachota maji." Mdodosaji akaweka alama kwenye kisanduku cha "hana maoni", akageuza ukurasa. Nikamwomba ruhusa nimuulize bibi mwenyewe. "Bibi, kisima hiki kipya unakionaje?" Ungo ukawekwa chini kabisa. Maji yana chumvi, chai haikolei. Mpini wa pampu ni mzito, mtoto wa miaka kumi hauwezi. Foleni inaanza alfajiri kwa sababu kile cha zamani kimefukiwa, na nani aliwaambia wakifukie? Aliongea mpaka mchele ukaingia kuku. Bibi yule yule, kisima kile kile. Karatasi za waliohojiwa kabla yake zilikuwa zimejaa visanduku vya "hana maoni", na kule mjini kuna mtu angekaa aandike kwamba wanakijiji hawana mwamko.

Turudi kwa daktari wetu. Anamwambia mgonjwa: "I think you should come and see me tomorrow." Faili linasema: "Ninafikiri unapaswa kuja kuniona kesho." Mwingereza anayesikia sentensi ile ya kwanza anajua ameamriwa. "I think" pale ni kitambaa kilichofunikwa juu ya amri ili isimkwaruze mtu. Mswahili anayesikia hiyo ya pili anamwona daktari anayesitasita, hana hakika, pengine kesho yenyewe si lazima. Atabaki nyumbani. Sisi tuna vitambaa vyetu: "Ingefaa kesho uje nikuone." "Naomba kesho upite hapa." Au bila kitambaa chochote, kwa sauti ya huruma: "Kesho uje." Katika sentensi zote tatu hakuna neno la kutafsiri "think", na hakuna kilichopungua. Yule mteja aliyetaka kunikata malipo alikuwa analipia hasa hicho nilichokiruka.

Mstari mwingine wa faili hilo hilo: "I think it's a chest infection." Hapa maandishi hayatoshi, lazima usikilize sauti. Uzito ukiangukia "think", daktari ana shaka kweli, na Kiswahili chake ni "Huenda ni maambukizi ya kifua, sijawa na hakika." Ukiangukia "chest", ameshaamua, ila anaongea kiungwana: "Naona una maambukizi ya kifua." Mgonjwa wa kwanza atauliza vipimo viko wapi, wa pili atauliza dawa. Kijana alikuwa na rekodi ya sauti, hakuifungua.

Kudhani nitakupitisha haraka, maana wengi wanaitumia vizuri bila kufundishwa. "Sidhani kama atakuja" ni sawasawa na "I don't think he'll come". Lugha zote mbili zimelihamisha kanusho, yaani "si-" na "don't", likakaa mbele pale pale. Lakini "I don't think so" ni "Sidhani", basi. "Sidhani hivyo" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Na jihadhari na rangi ya neno lenyewe. Lilitoka Kiarabu, na kule dhana hukaribia kuwa shuku; aya ya 12 ya Surat al-Hujurat inaonya kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Kwa hiyo kumdhania mtu si kumfikiria, ni kumshuku, na huko pwani kosa hilo huwezi kulisawazisha kwa samahani moja.

"I thought" ina mtego wake. Mara nyingi huja pale mtu alipokosea: "I thought you were in Mombasa." Nilidhani uko Mombasa, kumbe uko hapa. Mtaani Dar es Salaam utasikia hata "Mi nilijua uko Mombasa", maana yake ikiwa hiyo hiyo ya kukosea. Nimekutana na hati ya Kiingereza iliyoandikwa "I knew you were in Mombasa" kutokana na sentensi kama hiyo. Imegeuza mshangao kuwa upelelezi.

Tukienda upande huo, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, ndipo naogopa zaidi. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, shahidi aliongea Kiswahili na kumbukumbu, isipokuwa katika mahakama za mwanzo, zikaandikwa Kiingereza. Niliwahi kukalimani katika shauri la mgeni aliyeshtakiwa kwa wizi. Shahidi, mama mmoja muuza chakula, akanyoosha kidole: "Mimi naona ni huyu." Sekunde mbili tu nilizo nazo. "I see that it is him"? "I think it is him"? Kiingereza cha kwanza kinamtia mtu ndani, cha pili kinaweza kumtoa, maana ushahidi wa mdomo kuhusu jambo la kuonekana lazima utolewe na aliyeliona mwenyewe. Angesema "nilimwona", ile -mw- ingemaliza ubishi, kwa sababu kuona kukibeba mtendwa ndani yake na kuishia hapo ni macho. Kuona kukifuatwa na sentensi nzima huwa ni maoni mara nyingi, lakini si mara zote. Mkalimani haruhusiwi kumhoji shahidi, kwa hiyo nikaomba ruhusa ya mheshimiwa hakimu. Akauliza yeye: "Mama, ulimwona, au unaona tu kuwa ndiye?" Mama akanyamaza kidogo. "Uso sikuuona, mheshimiwa. Niliona koti." Mpaka leo huwa najiuliza ni mara ngapi, katika mashauri ya miaka ile, hakuna aliyenyoosha mkono.

"Think of" nayo ina njia zake. "I can't think of his name": jina lake limenitoka. "I thought of you at the market": nilikukumbuka sokoni. "Who do you think you are?": unajiona nani? Kuona tena, mnaona? Na tafadhali, kadi ya rambirambi iliyoandikwa "We are thinking of you" msiitafsiri "Tunakuwazia" wala "Tunakufikiria". Kumwaza mtu ni habari za wapenzi. Mfiwa anaambiwa "Tuko pamoja nawe."

Sasa lile linalonikosesha usingizi. Mama yangu, ambaye hajakaa darasa la Kiingereza hata siku moja, husema "nafikiri mvua itanyesha". Anaitazama mbingu, hafikiri lolote, na anasema nafikiri. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema matumizi hayo yote ni ugonjwa uliotoka Ulaya, ingawa zamani nilikuwa nasema hivyo darasani, na kuna wanafunzi niliowakata alama. Ninachokisikia, na sina namna ya kukithibitisha zaidi ya sikio langu, ni kwamba mama hasemi "ninafikiri". Anasema "nafikiri", fupi, imeteleza, haina uzito wa kitenzi. Anaweza hata kuitupa mwishoni: "Yuko Dodoma, nafikiri." Jaribu kusema "Yuko Dodoma, ninafikiri" uone inavyokwama. Ile ndefu inaleta kichwa na kazi yake. Ile fupi inakaribia kuwa "labda". Mwenzangu mmoja wa Zanzibar hakubaliani nami, anasema tofauti hiyo ni ya mwendo wa usemi tu. Tumebishana hadi kahawa ikapoa, na sijamshinda.

Faili limekwenda kwa mteja Alhamisi. Nimeacha "nafikiri" fupi mara tano, kinywani mwa mke wa mgonjwa, kwa sababu ndivyo anavyoongea. "Ninafikiri" ndefu nimeiacha mara moja, ukurasa wa 12. Daktari ameeleza upasuaji, hatari zake, na nini kitatokea usipofanyika. Kimya kinakuwa kirefu, daktari anauliza kama mgonjwa amesikia. Mgonjwa anajibu: "I'm thinking." Kijana alikuwa ameandika "Ninafikiri, daktari." Hapo sikugusa hata herufi.