Wingi wa washiriki hauthibitishi ubora wa utafiti wa lishe

Wapo wengi wanaoamini kwamba utafiti wa lishe uliohusisha maelfu ya watu hauwezi kupotosha. Ni kweli kwamba wingi wa washiriki hupunguza makosa ya kubahatisha, lakini hauondoi kasoro zilizomo katika muundo wa utafiti wenyewe. Pengine huzifanya zionekane kama uhakika.

Beta-karotini ni mfano mzuri. Tafiti za uchunguzi, zinazofuatilia tu jinsi watu wanavyoishi bila kuwapangia cha kufanya, zilionyesha kwamba watu wanaokula kwa wingi mboga na matunda yenye kirutubishi hicho hupata saratani ya mapafu mara chache zaidi, na hapo likazaliwa tumaini kwamba vidonge vyake vingewakinga wavutaji sigara. Jaribio lililofanyika Ufini, ambamo wanaume wavutaji 29,133 waligawanywa katika makundi kwa kura, lilitoa matokeo ya kushangaza mwaka 1994: waliopewa vidonge hivyo walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Yamkini walaji wa mboga walitofautiana na wenzao kwa mambo mengi ambayo takwimu hazikuyanasa.

Hata ugawaji huo wa kura, ninavyoona, hukaguliwa mara chache mno. Jaribio la PREDIMED la Hispania, lililopima kama lishe ya Mediterania hukinga magonjwa ya moyo na lenye washiriki 7,447, lilichapishwa mwaka 2013, likaondolewa na kuchapishwa upya mwaka 2018 baada ya kubainika kwamba baadhi ya washiriki, wakiwemo watu wa nyumba moja, hawakugawanywa kwa kura ipasavyo. Matokeo hayakubadilika sana, ila waandishi walilegeza madai yao kuhusu chanzo na athari.